Miezi 18 hadi darasa la awali: barua ya wazi kwa viongozi wa Dar es Salaam

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na kwa Waheshimiwa Mameya na Wakurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam na wa Manispaa za Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Yah: Watoto wanaotoweka machoni pa serikali baada ya chanjo ya mwisho

Waheshimiwa,

Kwa heshima na taadhima, ninawaandikia nikiwa muuguzi mkunga mstaafu ambaye sehemu kubwa ya utumishi wake ilipita katika kliniki za mama na mtoto za mkoa huu. Ombi langu linahusu kipindi kimoja tu cha maisha ya mtoto, kipindi ambacho hakina mwenyewe katika ofisi zenu.

Mtoto anayezaliwa Dar es Salaam hukutana na serikali mara nyingi mwanzoni mwa maisha yake. Huchanjwa anapozaliwa, hurudishwa akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, huletwa tena akiwa na miezi 9 kwa chanjo ya surua na rubela, na huja kwa dozi ya pili ya chanjo hiyo akiwa na miezi 18. Baada ya hapo kadi ya kliniki huwekwa kabatini pamoja na vitenge. Utaratibu unamtaka mama aendelee kumleta mtoto kupimwa uzito mpaka atimize miaka 5, lakini kila muuguzi wa kliniki anafahamu kwamba baada ya chanjo ya mwisho wanaorudi hupungua sana, na wasiorudi ni nadra kufuatwa nyumbani. Mtoto huyo huonekana tena anapoandikishwa darasa la awali akiwa na miaka 5. Katikati hapo imepita miaka zaidi ya mitatu ambayo hakuna mtumishi wa umma aliyeuliza mtoto anashinda na nani, nani anamsemesha, nani anampiga, anaogopa nini, na mama yake mwenyewe ana hali gani moyoni.

Ninaandika kwa sababu miaka hiyo si ya kusubiri. Katika umri mdogo ubongo huunda miunganiko mipya ya seli za neva kwa kasi inayozidi milioni moja kwa sekunde, na mtoto anapofikisha miaka 2 ubongo wake huwa umekaribia asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Miunganiko hiyo haibaki yote. Inayotumika mara kwa mara huimarika, na isiyotumika hupogolewa, ili ubongo uendane na mazingira ambamo mwenye ubongo huo anaishi. Mtoto akitoa sauti na mtu mzima akamgeukia na kumjibu, akinyoosha kidole na mtu mzima akataja kile kinachoonyeshwa, akilia na mtu mzima akambeba mpaka akatulia, kila mara njia za lugha, za umakini na za kujituliza huwa zimepata kazi ya kufanya. Akikaa siku nzima mbele ya televisheni isiyomjibu, au akilia mpaka akachoka mwenyewe, njia hizo hazipati kazi, na ubongo unajifunza kwamba kuita hakuna faida.

Upande wa pili ni hofu. Mtu anapotishika, ubongo huamuru tezi zilizo juu ya figo kutoa homoni, ikiwamo kotisoli, moyo huenda mbio na mwili hujiandaa kukimbia au kupambana. Kwa muda mfupi hilo ni jambo la manufaa, na hakuna mtoto anayedhurika kwa kuanguka akicheza au kwa kuchomwa sindano, mradi pawepo mtu wa kumpokea. Katika chumba cha chanjo tuliliona hilo kila asubuhi: mtoto analia kwa nguvu zake zote, anawekwa kifuani mwa mama, na baada ya dakika chache anatazama huku na huku kana kwamba hakuna kilichotokea. Madhara huanza pale hofu inapokuwa ya kila siku na hakuna mtu mzima wa kumtuliza. Wanasayansi walio chini ya daktari wa watoto Jack Shonkoff, katika Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, wanauhesabu msongo wa namna hiyo kuwa sumu, kwa kuwa kotisoli inayokaa juu kwa muda mrefu huvuruga ujenzi wa sehemu za ubongo zinazoipokea kwa wingi. Amigdala, ambayo kazi yake ni kutambua hatari, huwa nyepesi kushtuka hata pasipo hatari. Hipokampasi, inayohusika na kumbukumbu na kujifunza, hudhoofika. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayomwezesha mtu kuzuia hasira, kusubiri zamu yake na kufuata maelekezo, hukosa nafasi ya kukomaa vizuri.

Walimu wa darasa la awali wanawajua watoto hawa, ingawa huwaita kwa majina mengine. Kuna anayempiga mwenzake kwa sababu amemgusa bega. Kuna anayekaa kimya kona ya darasa mpaka anasahaulika. Kuna anayelia mwalimu mwanamume akiingia. Huambiwa ni watukutu au ni wazito, na wengi wao huanza shule wakiwa tayari wameshaandikiwa kufeli, ilhali ubongo wao unafanya kile kile ulichofundishwa kufanya kabla hawajajua kushika penseli.

Madhara hayaishii shuleni. Madaktari Vincent Felitti na Robert Anda walianza mwaka 1998 kuchapisha matokeo ya utafiti uliohusisha watu wazima zaidi ya 17,000 huko San Diego, Marekani, ambao waliulizwa kama utotoni walipigwa, walidhalilishwa, walitelekezwa, au waliishi na mzazi mlevi, mgonjwa wa akili, aliyefungwa au aliyekuwa akipigwa na mwenzake. Waliopitia aina nne au zaidi za mateso hayo walikuwa katika hatari ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua mara 4 hadi 12 ya wale ambao hawakupitia hata moja. Magonjwa ya moyo, ya mapafu na ya ini nayo yaliongezeka kadiri mateso ya utotoni yalivyoongezeka. Watu hao wengi walikuwa na ajira na bima ya afya, kwa hiyo jambo hili haliwezi kusukumiwa kwa maskini peke yao.

Naomba nikae kidogo kwenye mfano wa Romania, kwa sababu unajibu swali ambalo viongozi huuliza kwa haki kabisa, yaani kama mtoto aliyeumizwa anaweza kurudi katika hali njema. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia iligundua kwamba zaidi ya watoto 100,000 wa nchi hiyo walikuwa wakilelewa katika taasisi za serikali. Wengi walilishwa, walivikwa na walikuwa na paa juu ya vichwa vyao. Walichokosa ni mtu. Walezi walikuwa wachache na walibadilishana zamu, na mtoto aliweza kukaa katika kitanda chake saa nyingi bila kusemeshwa. Mwaka 2000 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kufuatilia watoto 136 wa taasisi za jiji la Bucharest, waliokuwa na umri wa miezi 6 hadi 31, na nusu yao wakachaguliwa kwa bahati nasibu kupelekwa katika familia za kambo zilizoandaliwa na kulipwa. Vipimo vya umeme wa ubongo vya watoto waliobaki katika taasisi vilionyesha ubongo uliofifia. Waliopata familia walipanda kiakili, waliweza kujenga uhusiano wa karibu na mlezi, na dalili za wasiwasi na huzuni zilipungua. Walionufaika zaidi katika mambo mengi ni wale waliopata familia kabla ya kutimiza takriban miaka 2.

Rudini sasa kwenye kadi yetu ya kliniki. Tunaagana na mtoto akiwa na miezi 18, na tunamtarajia akiwa na miaka 5. Umri ambao Bucharest ulionyesha kuwa ni wa thamani kubwa kuliko mwingine unakatika mikononi mwetu wakati ule ule tunapofunga daftari la chanjo.

Nimesikia ikisemwa katika semina kwamba haya ni mambo ya Wazungu na kwamba mtoto wa Kiafrika hulelewa na jamii. Wanaosema hivyo wana nusu ya haki. Utafiti wa mwanzo kabisa wa uhusiano wa mama na mtoto mchanga uliofanyika majumbani, badala ya maabara, ulifanywa na Mary Ainsworth katika vijiji vya Baganda karibu na Kampala mwaka 1954 na 1955. Aliwatembelea akina mama waliokuwa na mashamba ya kulima na watoto wengine wa kutunza, na ambao waliwaacha watoto kwa ndugu kwa saa kadhaa. Alichokiona ni kwamba utulivu wa mtoto uliendana na jinsi mama alivyomfahamu: mama aliyeweza kueleza kwa undani mtoto wake anapenda nini, analia vipi na anatulia vipi, mara nyingi alikuwa na mtoto aliyetulia. Kwa hiyo bibi, shangazi, dada mkubwa na jirani si tatizo hata kidogo. Tatizo ni mtoto kukosa hata mmoja anayemfahamu kwa kina hicho, na jiji letu limeanza kuzalisha watoto wa namna hiyo kwa wingi.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu. Wengi wa akina mama vijana walionijia kliniki walikuwa wamehamia kutoka mikoani na hawakuwa na mama mzazi wala wifi wa kuwasaidia katika chumba walichopanga. Mama anayeishi Chanika na kuuza Kariakoo huondoka alfajiri mtoto akiwa amelala, na foleni humrudisha mtoto akiwa amelala. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Pia inamruhusu mama anayenyonyesha kutoka kazini kwa muda usiozidi saa 2 kwa siku. Sheria hiyo ni njema, lakini mama lishe, muuza mbogamboga, mfua nguo na msusi hawana mwajiri wa kumwomba likizo. Wao hurudi kazini pindi fedha inapokwisha. Mtoto anabaki na dada wa kazi, ambaye mara nyingi naye ni mtoto wa miaka 14 au 15 aliyeletwa kutoka kijijini, aliyeachanishwa na mama yake, anayefokewa, na anayetarajiwa kupika, kufua, kudeki na kumpenda mtoto wa mwenzake kwa wakati mmoja. Tunawatwika watoto wawili mzigo kwa mkupuo, halafu ukitokea msiba tunamlaumu mkubwa wa wawili hao aliyekuwa na ufunguo wa nyumba.

Wengine huwapeleka watoto kwenye vyumba vya kulelea vilivyofunguliwa na akina mama wa mtaa. Nimeingia katika vyumba hivyo Tandika, Keko na Mbagala. Nimekuta chumba kimoja chenye watoto wengi kuliko mikono ya mlezi mmoja, watoto wakiwa wamelazwa mchana kutwa ili wasisumbue. Nimekuta pia chumba kisicho na rangi wala mdoli mmoja wa dukani, ambapo mama mtu mzima alimjua kila mtoto kwa jina, alijua nani amelala njaa na nani baba yake amehama nyumba, na watoto walimkimbilia. Afisa Ustawi wa Jamii anapokuja kukagua, vyote viwili huandikwa kwamba havijasajiliwa na havina miundombinu, na vyote viwili hutakiwa kufungwa. Kikifungwa, watoto hawarudi kwa mama zao. Wanakwenda kwenye chumba kingine kilichojificha zaidi.

Kuna jambo ambalo kliniki zetu hazijawahi kulipa nafasi inayostahili, nalo ni sonona ya mama baada ya kujifungua. Mama anaweza kumnyonyesha mtoto, kumwosha na kumleta kliniki kwa wakati, huku uso wake ukiwa umezimika. Katika miaka ya 1970 mwanasaikolojia Edward Tronick alionyesha kinachompata mtoto katika hali hiyo: alimwomba mama acheze na mwanawe wa miezi michache, kisha amtazame kwa muda mfupi bila kuonyesha hisia yoyote usoni. Mtoto hutabasamu, hunyoosha mikono, hupiga kelele, na mama asipojibu hugeuza uso, hulegea na kuanza kulia. Hiyo ni ya dakika chache na mama hurudi kumbembeleza. Mtoto wa mama mwenye sonona isiyotibiwa huishi hivyo kwa miezi. Sisi wauguzi tuliwauliza akina mama kuhusu kikohozi, kuhara na uzazi wa mpango, kwa sababu daftari lilikuwa na safu za mambo hayo. Safu ya kumuuliza mama kama analala, kama anakula, kama anapigwa, kama amewahi kutamani asiwepo, haikuwepo, na foleni ya nje haikuruhusu kuuliza kisichoandikwa.

Kuhusu fimbo nitasema kwa kifupi, kwa kuwa mjadala wake ni mrefu. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009, kwa ushirikiano wa serikali, UNICEF na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana walipigwa au kufanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18, na kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 na takriban mvulana 1 katika kila 7 walifanyiwa ukatili wa kingono. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinasema adhabu kwa mtoto haihalalishwi ikiwa mtoto, kwa udogo wa umri wake, hawezi kuelewa lengo la kurekebishwa huko. Mtoto wa miaka 3 au 4 anayechapwa kwenye chekechea kwa kushindwa kuandika herufi yuko ndani ya maneno hayo moja kwa moja. Methali ya samaki mkunje angali mbichi hutajwa mno na watu wenye fimbo mkononi, ilhali mtoto anayetishwa hawezi kujifunza herufi, kwa kuwa ubongo wake uko kwenye kazi ya kujihami. Mwaka 2023 Wizara ya Elimu ilizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, ili watoto wadogo wasilelewe mbali na familia zao. Uamuzi ule ulikuwa mgumu na ulipingwa na wenye shule, na bado ulifanyika. Amri ya kuondoa kiboko katika madarasa ya awali na vituo vya kulelea watoto vya mkoa huu ni rahisi kuliko ule, na waraka wake unaweza kuandikwa bila kusubiri bajeti.

Sasa naja kwenye ombi lenyewe. Katika jiji la Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watafiti wakiongozwa na daktari Sally Grantham-McGregor walichukua watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24, kutoka katika mitaa maskini. Sehemu yao walitembelewa nyumbani kila wiki kwa muda wa miaka 2 na wahudumu wa afya wa jamii, wanawake wa kawaida waliopewa mafunzo, ambao kwa takriban saa moja walikaa chini na mama na mtoto, wakacheza kwa vitu vilivyotengenezwa nyumbani, wakamwonyesha mama namna ya kuzungumza na mtoto, kumsifu na kumfuata anakotaka. Hapakuwa na mashine wala jengo jipya. Miaka 20 baadaye, watoto wale waliotembelewa walikuwa na kipato kinachozidi kwa takriban asilimia 25 cha wenzao waliodumaa ambao hawakupata huduma hiyo, na walikuwa wamewafikia wale ambao hawakudumaa tangu mwanzo. Walikuwa na dalili chache za sonona, na walihusika mara chache kuliko wenzao hao katika mapigano na vurugu kubwa. Tanzania, kwa takwimu za mwaka 2022, ina udumavu wa asilimia 30 kwa watoto walio chini ya miaka 5, kwa hiyo mfano huo unatuhusu.

Watu wa kuifanya kazi hiyo tunao. Mwaka 2024 serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga wahudumu 137,294 ndani ya miaka 5. Wahudumu hao wanatembea mitaani tayari, wanazijua nyumba na wanapokelewa. Naomba halmashauri zenu tano ziweke katika majukumu yao, na katika posho zao, ziara ya nyumbani kwa kila mtoto anapotimiza miezi 18, na baada ya hapo ziara za kila mwezi kwa nyumba zenye dalili za hatari, na za kila wiki pale hali inapodai: mama mwenye sonona, nyumba yenye ugomvi, mtoto aliyefiwa au aliyedumaa, mtoto anayeachwa kwa mlezi ambaye naye ni mtoto. Ziara ya wiki ni gharama, ninalijua hilo, ndiyo maana siombi iwe kwa wote. Ziara moja ya miezi 18, hata hivyo, isikose kwa yeyote, kwa sababu ndiyo itakayotuonyesha wengine wako wapi. Mhudumu asitumwe na fomu tupu. Afundishwe kukaa sakafuni na kucheza, ajue maswali machache ya sonona, na awe na namba ya Afisa Ustawi wa Jamii wa kata atakayepokea simu yake. Huyo afisa naye awepo, maana zipo kata ambazo mmoja anahudumia watu wengi kupita uwezo wa binadamu.

Kuhusu vyumba vya kulelea watoto, ninawaomba mbadilishe mpangilio: msajili kwanza kwa masharti ya muda, mfundishe, mkague, na mfunge pale tu penye ukatili au hatari isiyorekebishika. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kati ya hizo zikiwa za vikundi vya wanawake. Akina mama wanaoendesha vyumba hivi ni kikundi cha wanawake kama wanaofuga kuku au kutengeneza sabuni. Wapewe kipaumbele wapate choo, maji, magodoro na mlezi wa pili. Masharti ya mkopo yaweke idadi ya watoto ambayo mlezi mmoja anaweza kuwafahamu kwa majina na kwa tabia, na mkaguzi akija aanze kwa kumuuliza mlezi kuhusu mtoto mmoja mmoja kabla hajapima upana wa dirisha.

Masoko nayo yasisahaulike. Soko la Kariakoo liliungua Julai 2021 na likajengwa upya kwa fedha nyingi za umma. Katika kila soko mnalojenga au kukarabati, iwe Kariakoo, Buguruni, Tandika au Mabibo, ninaomba chumba cha watoto wachanga kiwe kwenye mchoro pamoja na choo na ofisi ya mkusanya ushuru, ili mama anyonyeshe na mtoto asilale chini ya meza ya nyanya. Na mnapoamua kuwahamisha wafanyabiashara wadogo kutoka barabarani, jambo ambalo najua lina sababu zake, taarifa iwafikie mapema, kwa kuwa mama aliyepoteza mtaji wake kwa siku moja hurudi nyumbani na hofu ambayo mtoto wa miaka 2 huipokea bila kuelewa chanzo chake.

Najua baadhi yenu mtasema mpango upo. Ni kweli. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto ilizinduliwa Dodoma Desemba 2021, ikapangiwa miaka ya fedha 2021/22 hadi 2025/26, na inazungumza vizuri juu ya afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali na ulinzi. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zimeundwa hadi ngazi ya mtaa, na namba 116 ya kumsaidia mtoto inapokelewa bila malipo. Ninaziheshimu jitihada hizo na nimewahi kukaa katika mojawapo ya kamati hizo. Lakini kamati hukutana baada ya mtoto kuumizwa, na namba 116 inahitaji mtu wa kuipiga. Mtoto wa miaka 2 hana simu na hajui kwamba yanayompata hayampati kila mtoto.

Wala sipendi barua hii itumike kuwalaumu akina mama, au kuwakatia tamaa vijana waliopitia mateso utotoni. Katika kisiwa cha Kauai huko Hawaii, mtafiti Emmy Werner aliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955, na theluthi moja ya wale waliokulia katika hatari kubwa walikua wakawa watu wazima wenye uwezo, wanaojali na wanaojiamini. Kilichojirudia katika maisha yao ni kuwepo kwa angalau mtu mmoja mzima aliyewajali bila kuyumba, ambaye mara nyingi hakuwa mzazi: babu, jirani, mwalimu. Kwa hiyo mnachoombwa kukiweka kwenye bajeti ni watu wa kuwategemeza watoto na walezi wao, na watu hao tayari wanaishi katika mitaa yetu.

Halmashauri zenu huandaa bajeti miezi kadhaa kabla ya Julai 1. Ninaomba katika bajeti ijayo kila halmashauri iwe na kasma yake ya ziara za nyumbani kwa watoto wa miezi 18 hadi miaka 3, yenye jina hilo na isiyofichwa ndani ya kifungu cha jumla cha lishe, na madiwani wapewe kila robo mwaka taarifa ya kata kwa kata inayoonyesha watoto wangapi walitimiza miezi 18 na wangapi walifikiwa nyumbani. Takwimu za waliochanjwa dozi ya pili mnazo katika vituo vyenu vya afya, kwa hiyo kazi ya kuhesabu inaweza kuanza mwezi huu. Wapo wauguzi na walimu wastaafu ambao, nikiwamo mimi, tuko tayari kuwafundisha wahudumu bila kudai posho, na tutakuja popote tutakapoitwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Muuguzi mkunga mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam